Niliambiwa Nisiwaze

Mjamzito wa huku kwetu Tanga hupewa mashauri mengi, lakini lililo jepesi zaidi kwa mtoaji na zito kuliko yote kwa mpokeaji ni lile la kumwambia asiwaze. "Usiwe na mawazo, mama, mtoto anasikia." Niliambiwa hivyo na jirani wa mlango wa pili, na mama mkwe wangu, na muuza samaki aliyeniona ninavyohema nikipanda ngazi za soko, na hata dereva wa bajaji ambaye sikuwa nimemwambia kwamba nina mimba wala kwamba nina mawazo. Wote walinitakia heri. Hakuna hata mmoja aliyenieleza namna ya kutowaza.

Sababu za kuwaza nilikuwa nazo. Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne, miaka miwili kabla ya hii, na tangu wakati huo nimejua kwamba kadi ya kliniki inaweza kuandikwa nusu na nusu ya pili isiandikwe kamwe. Kwa hiyo safari hii, tangu asubuhi ile kipimo kilipoonyesha mistari miwili, niliishi kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kwenye njia ya utelezi, nikichunguza kila maumivu ya kiuno na kila tone, nikiamka saa nane usiku bila sababu na kubaki macho mpaka adhana ya alfajiri.

Kilichonitesa zaidi hakikuwa mawazo yenyewe bali ile nyongeza ya kwamba mtoto anasikia. Mtu akikwambia kuwa huzuni yako inamdhuru aliye tumboni, huzuni haiondoki, ila sasa ina hatia juu yake, nawe unakuwa na mambo mawili ya kuwaza pale ulipokuwa na moja. Nilikuwa nikilia kidogo, kisha nikilia zaidi kwa sababu nimelia. Ikanibidi nitafute ukweli wa jambo hili, na ukweli nilioupata una pande mbili. Upande mmoja ni kwamba msongo mzito unaodumu kwa wiki na miezi bila msaada umeonekana kuambatana na watoto kuzaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo, hivyo si jambo la kupuuza. Upande wa pili, ambao wenye kutoa mashauri hawausemi, ni kwamba mtoto hakuachwa bila kinga. Mama anaposhtuka au kukasirika, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo kotisoli, na ndani ya kondo la nyuma kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja sehemu kubwa ya kotisoli hiyo kabla haijamfikia mtoto. Siku moja ya kugombana na konda wa daladala haimharibu mtu yeyote, labda konda mwenyewe. Nilipolielewa hili nililala usingizi wa saa sita mfululizo, jambo ambalo lilikuwa halijanitokea kwa mwezi mzima.

Katika mahudhurio matatu ya kwanza ya kliniki nilipimwa kila kinachopimika: uzito, presha, wingi wa damu, mkojo, na kimo cha tumbo kwa utepe. Nilipewa vidonge vya fefo vya kuongeza damu na dawa ya kukinga malaria, nikapewa na chandarua. Hakuna aliyeniuliza kama ninalala. Sisemi hivi kwa kulalamika, kwa sababu foleni ya akina mama nyuma yangu ilifika hadi barazani na wahudumu walikuwa wawili tu, lakini nasema ili ajue mwenzangu anayesubiri kuulizwa kwamba huenda akasubiri mpaka akajifungua. Mara ya nne nilisema mwenyewe. Nesi mmoja mtu mzima aliweka kalamu chini, akanitazama, akasema, "Mwanangu, kaa kwanza." Kisha akaniuliza maswali kadhaa juu ya siku saba zilizopita, mengine ambayo sikuyategemea kabisa katika chumba kile: kama bado naweza kucheka jambo linapochekesha, kama najilaumu bila sababu ya msingi, kama kuna siku nimefikiria kujidhuru. Baadaye nilielewa kwamba maswali hayo yanatoka katika dodoso la Edinburgh, lililotungwa Uskoti na kuchapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama waliokwisha kujifungua, ambalo sasa hutumika hata kwa wajawazito. Ni maswali 10 tu, na hayamalizi dakika kumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 10 ya wajawazito duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiwango hicho hufikia asilimia 15.6. Ukiitazama foleni ile ya barazani kwa hesabu hiyo, si mimi peke yangu niliyepaswa kuambiwa nikae kwanza.

Majibu yangu hayakumtisha nesi, lakini hayakumfurahisha pia. Alinipangia kurudi baada ya wiki mbili badala ya nne, akaniuliza naishi na nani, na mwisho, nilipokuwa nimeshasimama, akaniuliza mikono yangu hufanya nini jioni. Nikamjibu kwamba hushika simu. Akacheka, akasema nitafute kazi nyingine ya kuipa.

Shangazi yangu, dada yake baba, anakaa Pangani na amekuwa akisuka ukili, yaani kanda za kushonea mikeka, tangu kabla sijazaliwa. Nilimpigia simu kumsalimu tu. Jumamosi iliyofuata alishuka kwenye basi akiwa na furushi la ukindu lililofungwa kwa kanga, na kabla hajanywa chai alikuwa ameshanikabidhi kazi. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa juani mpaka yakawa meupe, na yale yanayotakiwa kuwa na rangi huchemshwa katika sufuria ya rangi. Kisha huchanwa, yaani kila jani hugawanywa kuwa chane nyembamba zenye upana mmoja, na hapo ndipo mwanafunzi anapojulikana, maana chane za kwanza nilizochana mimi zilikuwa nyingine pana kama utepe wa zawadi na nyingine kama uzi. Ukindu hulowanishwa kidogo ili usikatike. Baada ya hapo ni kusuka: chane moja juu, nyingine chini, unakunja ukingoni, unachomeka mpya pale ya zamani inapokaribia kuisha, na ukanda unarefuka mkononi polepole. Urefu wake hupimwa kwa pima, mikono miwili ikinyooshwa. Kanda hizo zikishatosha huunganishwa kwa kushonwa ukingo kwa ukingo, zikawa mkeka.

Nimefikiri sana kwa nini kazi hii ilinifanyia kile ambacho mashauri yote hayakuweza, na jibu langu ni kwamba ukili unadai akili kwa kiasi maalumu. Haukubali uiachie mikono peke yake, kwa sababu ukipitiwa hata mara moja utaona kosa limejitokeza kama jino lililopinda. Wala haudai akili yote, hivyo nusu inayobaki huru inaweza kuzungumza, kusikiliza redio, au kumkumbuka mtu aliyekufa bila kuzama. Naamini tunakosea tunapodhani kwamba kutuliza akili ni jambo moja na kuishughulisha ni jambo jingine. Akili ya mwenye hofu ukiiacha tupu haibaki tupu, hujazwa na hofu ileile, na ukiipa kazi nzito kupita kiasi huchoka na kurudi ilikotoka. Inachotaka ni kazi ya wastani, yenye mpangilio, ambayo mtu anaona kwa macho yake kwamba inasonga mbele. Kwa mwingine itakuwa kudarizi kofia, kufuma kwa sindano, kupalilia mchicha nyuma ya nyumba, au kukariri sura. Simu haimo katika orodha yangu, kwa kuwa inashughulisha vidole na kuacha moyo ukikimbia.

Jioni moja tukiwa tunasuka, shangazi alisema bila kuinua macho kwamba yeye alipoteza mimba mbili kabla ya kumzaa binamu yangu mkubwa. Nina miaka thelathini na mmoja na sikuwahi kulisikia jambo hilo nyumbani kwetu. Hakunipa nasaha yoyote juu yake. Alichomeka chane mpya, akaendelea.

Usiku ni suala tofauti, kwa sababu ukindu unataka taa na taa inamwamsha baba watoto. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, basi nilirudi kwenye ujuzi wangu. Nikiamka saa nane nalala ubavu, navuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, na hofu isipoondoka napiga hesabu za kichwa. Nazipenda hasa namba zinazoishia na tano zinapozidishwa kwa zenyewe, kwa kuwa zina njia nzuri: katika 35 unachukua 3, unaizidisha kwa namba inayoifuata, 4, unapata 12, unaweka 25 mbele yake, na jibu ni 1,225. Kwa 85 ni 7,225. Nikifika 115 mara nyingi usingizi umeshanichukua. Mume wangu, ambaye huziogopa hesabu kuliko nyoka, ana njia yake: husafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam akiwa kitandani, akivitaja vituo, Tanga, Muheza, Segera, Kabuku, Mkata, Msata, Chalinze, na anaapa kwamba hajawahi kufika Mlandizi akiwa macho.

Ni kweli kwamba katika kipindi hichohicho nilikuwa nikisahau mambo ya ajabu. Nilikuta chaki ndani ya friji, na siku moja niliandika kwa wanafunzi swali lile nililokuwa nimelisahihisha jana yake. Wengine hulichukulia hili kama dalili kwamba mimba hupunguza akili, na huko kazini utani wake huwa mwingi kuliko inavyostahili. Utafiti ulioongozwa na Elseline Hoekzema, uliofanyika Barcelona na kutolewa mwishoni mwa 2016, uliwapima ubongo wanawake kabla na baada ya mimba yao ya kwanza, na ukakuta kwamba sehemu ya kijivu ya ubongo hupungua katika maeneo yanayohusika na kuwaelewa watu wengine, na kwamba mabadiliko hayo yalikuwapo hata miaka miwili baada ya kujifungua. Katika vipimo vya kumbukumbu akina mama hao hawakuonekana kuporomoka. Mwaka 2024 mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, Elizabeth Chrastil, alitoa yeye na wenzake matokeo ya ubongo wake mwenyewe uliopigwa picha mara 26, tangu kabla ya kupata mimba hadi miaka miwili baada ya kujifungua, na humo pia palionekana ubongo unaojipanga upya. Kupungua huko, wanavyoeleza watafiti, hakufanani na kuharibika, bali na kupogoa mti. Mimi chaki nimeiwekea mkebe na orodha ya mambo ya siku nimeibandika mlangoni. Zaidi ya hapo sijishughulishi nalo.

Kuna pia wanaouza muziki wa kumwongezea mtoto akili akiwa tumboni, pamoja na vipokea sauti vya kuvaa kwenye tumbo. Asili ya imani hii ni utafiti wa mwaka 1993 juu ya muziki wa Mozart, na wahusika wake hawakuwa wajawazito wala watoto wachanga, bali wanafunzi wa chuo kikuu, ambao walifanya vizuri zaidi katika mafumbo ya maumbo kwa muda wa dakika kumi na tano hivi, kisha wakarudi walivyokuwa. Hela hiyo inunue mbogamboga. Sauti ya mama ni jambo jingine. Mwaka 1986 watafiti DeCasper na Spence walieleza jinsi walivyowaomba wajawazito wasome hadithi moja kwa sauti kila siku katika wiki sita za mwisho, na watoto walipozaliwa, wakipewa chuchu ya bandia ambayo mnyonyo wake uliamua hadithi ipi isikike, walionyesha kuipendelea ile waliyoizoea tumboni. Kwa hiyo mtoto anasikia kweli, walivyosema majirani, ila anachosikia ni sauti na mwendo wake. Nasoma kwa sauti kila jioni, nusu saa, si kwa ajili ya kumtengeneza profesa, bali kwa kuwa mtu hawezi kusoma kwa sauti huku akihema juujuu. Sentensi ndefu hulazimisha pumzi ndefu.

Kutembea sitaeleza sana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 kwa wiki kwa mjamzito asiye na katazo la daktari, na mimi huzipata kwa kwenda na kurudi Raskazone jua likishapoa.

Ilibidi pia nifunge milango miwili. Wa kwanza ni wa makundi ya WhatsApp ya wajawazito, ambamo asubuhi huanza na salamu na saa nne huwa kumeshafika picha ya jambo ambalo jicho haliwezi kulisahau. Nilitoka katika mawili na la tatu nikalinyamazisha. Mlango wa pili ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa ni wa wageni. Huku kwetu mwanamke hawezi kumwona mjamzito bila kumsimulia uchungu wake wa siku tatu, damu iliyomwagika, na binamu wa jirani ambaye hakurudi. Kumkatiza mtu mzima ni utovu wa adabu. Mume wangu alichukua jukumu hilo: mgeni akianza, yeye huuliza kwa heshima zote, "Na mtoto huyo sasa yuko darasa la ngapi, mama?" Hadithi hurukia shuleni na hairudi leba tena. Msaada wa mume hapo naukadiria kuwa mkubwa kuliko ule wa kubeba ndoo.

Mtoto alipoanza kucheza, wiki ya 19, nilidhani hofu imekwisha. Kumbe iliongezeka, kwa kuwa sasa nilikuwa na kitu cha kuhesabu, na mwalimu wa hisabati ukimpa cha kuhesabu atahesabu mchana kutwa. Nesi alinipa utaratibu ambao umenipumzisha: kuanzia wiki ya 28, nichague wakati mmoja wa siku ambao huwa anacheza, nilale ubavu wa kushoto baada ya kula, nihesabu michezo 10 ndani ya saa mbili, kisha niachane nayo mpaka kesho. Alisisitiza jambo moja kwa sauti ya amri: kucheza kukipungua kuliko kawaida yake, niende hospitali palepale, iwe usiku au mchana, nisinywe maji ya baridi na kusubiri asubuhi. Kuwa na muda maalumu wa kuhofu, na hatua inayojulikana ya kuchukua, kumenirudishia saa nyingi za siku.

Njia hiyo niliihamishia kwenye daftari. Ukurasa mmoja ni wa mambo yanayofanyiwa kazi na mwingine ni wa yasiyofanyiwa. Katika ule wa kwanza kulikuwa na nauli ya usiku, namba za madereva wawili wa bajaji, mpira wa kutandika, glovu, pamba, vibanio vya kitovu, kanga nne kuukuu, na likizo ya uzazi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, ila inamtaka atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio pamoja na cheti cha daktari. Barua niliiandika siku hiyohiyo, na nilishangaa jinsi karatasi moja iliyogongwa muhuri inavyoweza kulegeza mabega. Ukurasa wa pili una mstari mmoja tu, nao haujafutwa.

Haya yote yana kikomo chake, na nisingependa mtu ayachukue kama mbadala wa tiba. Huzuni au woga ukikaa wiki mbili bila kupungua, usingizi ukikataa hata nafasi ya kulala ikiwapo, chakula kikikosa ladha na watu wakikosa maana, au likaja wazo la kutamani usiamke, hapo ukindu hautoshi. Mtu aende kliniki, aseme kwa maneno yaliyo wazi, na kama muhudumu wa kwanza hakusikia amwendee wa pili. Kadhalika mwenye kutumia dawa za sonona asiziache ghafla kwa kuwa amegundua ana mimba, bali amuulize daktari kwanza. Na mitishamba ya kutuliza moyo inayouzwa kwa chupa zisizo na jina nimeikataa, hata ilipoletwa na mtu ninayempenda.

Leo nimetimiza wiki 34. Ukili wangu umefika pima 14, na shangazi anasema mkeka wa kumlaza mtoto mchanga unataka pima chache tu zaidi. Pima mbili za mwanzo zimepinda vibaya. Nilitaka kuzifumua, akanikataza, akasema zitashonwa upande wa ukutani. Jumamosi anakuja na sindano kubwa ya kushonea.